Viongezi vya oili na grisi maalumu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mafundi, wasimamizi wa mitambo, wenye maduka ya spea na yeyote anayenunua kilainishi akitaka kujua kilichomo ndani ya dumu. Maswali ni yale yanayokuja kila mara. Mengine yana jibu fupi, na mengine yanahitaji maelezo marefu kwa sababu kosa lake linagharimu mashine, au hata uhai wa mtu.

Kiongezi ni nini hasa, na oili inakuwa nacho kiasi gani?

Kila kilainishi kina sehemu mbili: mafuta ya msingi, na kemikali zinazotiwa ili kuyapa uwezo ambao hayana. Mafuta ya msingi peke yake huteleza vizuri tu, lakini yakikaa kwenye joto huoza, yakikutana na maji huacha kutu itambae, na yakibanwa na mzigo mzito hukimbia na kuacha chuma kikisuguana na chuma. Viongezi ndivyo huzuia hayo.

Kiasi hutegemea kazi. Oili ya injini inaweza kuwa na asilimia 10 hadi 25 ya viongezi, kwa sababu injini huizalishia oili masizi, asidi na maji kila siku. Oili ya haidroliki hutosheka na asilimia 1 hivi, na ya turbaini mara nyingi haifiki hapo. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba oili yenye viongezi vingi ndiyo bora. Ukitia oili ya injini kwenye turbaini, sabuni zake (viongezi vya kusafisha) zitashika maji badala ya kuyaachia yatuame chini yakatolewe, na mtambo utaharibika.

Hiyo zinki inayosemwa kila mahali inafanya kazi gani?

Jina lake refu ni zinki dialkaili-dithiofosfati, na mafundi wa maabara huiita ZDDP. Imetumika tangu miaka ya 1940. Mwanzoni ilitiwa ili kuzuia oili isioze na beringi zisiliwe na asidi. Baadaye ikaonekana kwamba inalinda vyuma visilike, na hiyo ndiyo kazi iliyoipa sifa.

Inavyofanya kazi inastahili kuangaliwa kwa karibu. Kemu ya injini inapopita juu ya tapeti, penye mgandamizo na joto kali, ZDDP huvunjika palepale na kujenga juu ya chuma tabaka gumu la fosfati linalofanana na kioo. Unene wake ni kama nanomita 100. Unywele mmoja ni mnene mara mia kadhaa kuliko hilo. Tabaka hili hulika badala ya chuma, kisha hujengwa tena, hulika tena, mradi kuna ZDDP iliyobaki kwenye oili. Ikiisha, kinacholika ni kemu.

Basi kwa nini isijazwe tele? Kwa sababu fosforasi yake hutoka na moshi na kuua kichujio cha gesi kwenye ekzosi ya magari ya petroli. Ndiyo maana viwango vya API (Taasisi ya Petroli ya Marekani) vya oili nyepesi za petroli vimeweka ukomo wa asilimia 0.08 ya fosforasi, na vilevile kiwango cha chini cha 0.06 ili injini isikose ulinzi. Mwenye injini ya kizamani yenye tapeti bapa atafute oili iliyotengenezwa kwa injini hiyo.

Je, nimwagie injini kichupa cha kiongezi kinachouzwa dukani?

Hapana, ikiwa oili yako ni halisi na ni ya daraja lililotajwa na mtengenezaji wa gari.

Mtu aliyetunga oili hakupima kemikali moja moja. Alipima mchanganyiko mzima, maana viongezi hugombea nafasi. ZDDP inataka kukaa juu ya chuma. Kipunguza msuguano nacho kinataka kukaa hapohapo. Sabuni pia hujivuta juu ya chuma. Ukiongeza kimoja, unaweza kukisukuma kingine nje. Zaidi ya hapo, vichupa vingi haviandikwi kilichomo, kwa hiyo huwezi hata kukadiria madhara.

Marekani, katika miaka ya 1990, Tume ya Biashara ya serikali (FTC) ilizichukulia hatua kampuni kadhaa za vichupa vya aina hii kwa kutangaza manufaa ambayo hazikuwa na ushahidi wa kutosha kuyathibitisha. Pesa ya kichupa iwekwe kwenye oili nzuri na filta mpya. Huo ndio ushauri wetu, na hatubadilishi hata anayeuliza akiwa mteja wa siku nyingi.

Oili ya gari inafaa kwenye bodaboda?

Mara nyingi haifai. Kwenye pikipiki nyingi injini, giaboksi na klachi vinatumia oili moja, na sahani za klachi zimezama ndani yake. Oili nyingi za kisasa za magari zimetiwa vipunguza msuguano ili kuokoa mafuta. Kwenye gari hilo ni jema. Kwenye klachi iliyozama, msuguano ndio unaobeba abiria: ukiupunguza, klachi inateleza, dereva anavuta mafuta na pikipiki haipandi mlima, kisha sahani zinaungua.

Tafuta kwenye dumu alama ya JASO MA au MA2, ambayo ni ya viwango vya Kijapani. Alama ya MB ni ya skuta ambazo klachi yake haiguswi na oili. Tatizo la pili ni gia: meno yake hukatakata polima zinazotiwa ili oili isiwe nyepesi mno ikipata moto. Oili iliyoanza ikiwa 20W-50 inaweza kushuka mnato kabla ya muda wake kufika, ikiwa polima zake ni za bei rahisi. Dereva wa bodaboda anayeshinda barabarani abadilishe oili mapema kuliko kitabu cha pikipiki kinavyosema, maana kitabu hicho hakikuandikwa kwa kazi ya namna hiyo.

Difu na giaboksi: kwa nini oili ya gia ya daraja la GL-5 isitumike kotekote kama ndiyo kali zaidi?

Ukali wake ndio tatizo. Meno ya difu nyingi huteleza yakiwa yamebanwa sana, kwa hiyo oili ya GL-5 hubeba salfa na fosforasi nyingi, kwa kadirio mara 2 ya GL-4. Joto la mguso likipanda, salfa huungana na chuma na kutengeneza ngozi laini inayozuia meno yasishikane na kung'oana.

Sasa giaboksi ya gia za mkono ina pete za sinkro, zinazosawazisha kasi ya gia kabla hazijashikana, na nyingi ni za shaba. Salfa iliyo tayari kuungana na chuma iko tayari pia kuungana na shaba. Maabara hupima jambo hili kwa kipande cha shaba kilichosuguliwa mpaka king'ae, kinachozamishwa kwenye oili yenye nyuzi joto 121 kwa saa 3. Kikitolewa hulinganishwa na kadi ya rangi: kikibaki na wekundu wake au kugeuka rangi ya chungwa, salama, kikipiga zambarau na hatimaye weusi, oili hiyo inakula shaba. Zipo GL-5 za leo zinazofaulu kipimo hiki, lakini hata hizo zinaweza kuwa telezi mno kwa sinkro, na gia zikaanza kukwaruza wakati wa kubadilisha. Giaboksi iliyoandikiwa GL-4 ipewe GL-4.

Ndani ya grisi kuna nini, na rangi inamaanisha nini?

Rangi haimaanishi chochote. Ni rangi tu, imetiwa kiwandani ili watu watambue bidhaa. Grisi mbili nyekundu za kampuni mbili zinaweza kuwa maadui.

Grisi ni oili iliyoshikwa ndani ya kikolezo, mara nyingi sabuni ya metali, pamoja na viongezi. Sabuni hushika oili na kuiachia kidogokidogo mahali pa kusugua. Iliyozoeleka zaidi ni ya lithiamu, na hapa kuna jambo wakulima wangefurahi kulijua: asidi inayounganishwa na lithiamu, yaani haidroksistiarati 12, hutokana na mafuta ya nyonyo. Mbegu zilezile za mbarika ambazo mimea yake hujiotea kandokando ya njia ndizo zinazoishia kwenye beringi za malori. Kiwandani asidi hiyo hupikwa pamoja na lithiamu ndani ya oili mpaka sabuni iyeyuke, karibu nyuzi joto 200, kisha hupozwa kwa uangalifu ili nyuzinyuzi za sabuni zijisuke vizuri. Wakipoza ovyo, grisi hutoa oili kwenye ndoo.

Penye maji mengi, kama viwanda vya sukari na mitambo ya bandarini, tunapendekeza grisi ya kalsiamu salfoneti. Kikolezo chake chenyewe huzuia kutu na kubeba mzigo, kwa hiyo huhitaji viongezi vichache. Mota nyingi za umeme zenye beringi zilizofungwa hujazwa grisi ya poliyurea, ambayo hudumu muda mrefu.

Namba ya NLGI inaeleza ugumu tu. Namba 2, inayotumika sana, ni grisi ambayo koni ya kipimo huzama ndani yake milimita 26.5 hadi 29.5 kwa nyuzi 25. Haielezi ubora wala viongezi.

Naweza kupiga grisi mpya juu ya ya zamani?

Kama ni aina ileile, ndiyo. Kama huna hakika, safisha kwanza. Poliyurea na lithiamu, au grisi ya udongo wa bentonaiti na karibu aina nyingine yoyote, zikikutana zinaweza kulegea mpaka zikatiririka nje ya beringi. Fundi huona grisi imevuja, huongeza nyingine, na beringi hufa ikiwa imezungukwa na grisi tele.

Grisi nyeusi yenye molibdenamu ni bora kuliko nyingine?

Ni bora kwa pini na bushi: ndoo za ekskaveta, sahani ya kubebea tela, viungo vinavyokwenda polepole chini ya mzigo mzito na mishtuko. Hapo molibdenamu disalfaidi ya asilimia 3 hadi 5 husaidia sana, kwa kuwa imepangwa tabaka juu ya tabaka zinazoteleza hata oili ikiwa imekamuliwa yote.

Kwa beringi za kasi, kama za mota au feni, usiitumie. Chembe zake zinaweza kuzifanya gololi ziteleze badala ya kubiringika.

Grafiti ni ndugu yake wa kazi lakini ana sharti moja: anahitaji unyevu wa hewa ili ateleze. Wakati wa Vita Kuu ya Pili brashi za kaboni za ndege zililika upesi mno zikipaa juu kwenye hewa kavu, na ndipo wahandisi walipotambua sharti hilo. Molibdenamu haina shida hiyo, ndiyo maana hutumika hata angani nje ya dunia.

Kiwanda chetu ni cha chakula. "Food grade" ni maneno ya biashara au ni jambo la kweli?

Ni jambo la kweli na lina daraja zake. Ziliwekwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo iliacha kuidhinisha bidhaa mwaka 1998, na shirika la NSF likaendeleza orodha. H1 ni kilainishi kinachoruhusiwa mahali ambapo kinaweza kugusa chakula kwa bahati mbaya. H2 ni cha sehemu zisizoweza kabisa kugusa chakula. H3 ni mafuta yanayotumika kwenye ndoano na vibebeo dhidi ya kutu.

H1 haina maana kwamba kinalika. Kanuni za Marekani huruhusu mafuta meupe ya madini yasizidi sehemu 10 kwa milioni ndani ya chakula. Mtungaji hulazimika kuchagua kutoka orodha fupi ya kemikali zilizokubaliwa, kwa hiyo ZDDP haimo. Hutumika viongezi vya fosforasi visivyo na metali. Kwa sababu ya ufinyu huo, H1 za zamani zilikuwa dhaifu, na sifa mbaya imebaki hata sasa ambapo nyingi zinabeba mzigo vizuri.

Mwenye mashine ya kusaga na kukoboa naye asome jibu hili. Beringi iliyo juu ya mdomo wa mahindi, ikipigwa grisi ya lori, inadondosha grisi ya lori kwenye unga wa watoto. Ndoo ya H1 ni ghali, lakini mashine moja haitumii nyingi kwa mwaka.

Valvu ya mtungi wa oksijeni hospitalini imekaza. Nipake grisi kidogo?

Usipake. Hata alama ya kidole chenye oili ni hatari.

Mtungi wa oksijeni uliojaa huwa na mgandamizo wa zaidi ya baa 130. Valvu inapofunguliwa kwa ghafla, gesi hujibana kwenye nafasi ndogo ya regyuleta na kupata moto kwa kufumba na kufumbua. Kwenye oksijeni tupu, mafuta ya madini yaliyopo hapo huwaka kwa nguvu ya mlipuko, na moto huo unaweza kuendelea kuunguza mpira na hata metali. Wauguzi na mafundi wamepata majeraha makubwa sehemu mbalimbali duniani kwa njia hii.

Kilainishi kinachotumika sana hapo ni mafuta ya perfluoropolietha (PFPE) yaliyokolezwa kwa unga wa PTFE na kuidhinishwa kwa oksijeni, tena kwa mgandamizo na joto vilivyotajwa kwenye karatasi yake. Hayana haidrojeni ya kuungua. Kutunga mafuta haya ni kazi ngumu, maana viongezi vya kawaida havimumunyiki ndani yake. Hata oili ya kawaida haichanganyiki nayo. Bei yake ni mara nyingi ya grisi ya lithiamu, ila kirija kidogo hutosha karakana kwa muda mrefu. Na mwenye grisi hii mikononi asivute sigara: ikiunguzwa hutoa gesi zenye sumu.

Tangu janga la UVIKO-19 mitambo ya oksijeni imeongezeka katika hospitali zetu, na mafundi wengi wanaoitwa kuitengeneza wametoka kwenye magari na majenereta. Tafadhali fundisha jibu hili kwa mwenzako.

Kompresa za friji na AC zinatumia oili gani?

Oili hufuata gesi ya kupozea iliyomo kwenye mfumo. Gesi ya R600a huenda na mafuta ya madini katika friji nyingi za nyumbani. R134a haichanganyiki na mafuta ya madini, hivyo friji zake hutumia esta (POE) na AC za magari hutumia polialkilini glikoli (PAG). Magari ya haibridi yenye kompresa ya umeme yanataka POE maalumu: PAG hupitisha umeme, na kiasi kidogo tu kinaweza kushusha ukinzani wa waya za mota mpaka gari likagoma. Na zote mbili hunywa unyevu wa hewa upesi, kwa hiyo kopo lililokaa wazi usilitumie.

PAG ikikutana na mafuta ya madini kwenye kompresa ya hewa au giaboksi ya kiwandani huweza kuganda kama uji na kuziba mifereji. Kubadilisha kutoka moja kwenda nyingine ni kazi ya kusafisha mfumo mzima.

Oili ya haidroliki inatoa povu. Niongeze dawa ya povu?

Angalia kwanza kama oili imepungua, kama bomba la kuvuta linaingiza hewa, au kama mtu ameongeza oili ya injini. Dawa ya povu ni silikoni, na hutiwa sehemu 10 hadi 20 tu kwa milioni. Ikizidi, povu la juu hupotea lakini vipovu vidogo hunaswa ndani ya oili, pampu huanza kulia na kutafunwa.

Kwa nini oili za silinda za meli zina namba kama 40, 70 na 100?

Ni kipimo cha uwezo wa kuua asidi. Mafuta mazito ya meli yana salfa, salfa ikiungua huzaa asidi ya salfuriki, na kalsiamu kaboneti iliyomo kwenye oili huizima. Salfa ilipokuwa asilimia 3.5, namba 70 hadi 100 zilihitajika. Tangu Januari 1, 2020, Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) limeweka ukomo wa asilimia 0.5 kwa meli zisizo na kisafisha moshi, na nyingi zimehamia namba 40 hivi. Aliyebaki na namba 100 juu ya mafuta safi alipata tatizo jipya: kalsiamu isiyo na asidi ya kupigana nayo iliganda juu ya pistoni na kukwangua silinda.

Naweza kununua viongezi na kuchanganya oili mwenyewe?

Kuchanganya kwenyewe ni kupasha mafuta ya msingi hadi nyuzi 60 hivi na kukoroga kwa mpangilio. Ugumu uko kwenye kuthibitisha. Polima hazimumunyiki haraka. ZDDP ikipashwa kupita kiasi huvunjika na kutoa gesi ya haidrojeni salfaidi inayonuka yai viza na inayoua. Kisha bila maabara hujui kama pipa la leo ni sawa na la jana. Biashara hii pia inasimamiwa: Tanzania kuna EWURA na TBS, Kenya kuna KEBS. Mwenye nia ya kweli aanze na kifurushi kamili cha mtengenezaji wa viongezi, kilichokwisha kupimwa, na afuate kipimo chake bila kupunguza.

Nitajuaje kwamba viongezi vimeisha?

Weusi wa oili si dalili. Oili ya dizeli inayofanya kazi yake vizuri huwa nyeusi mapema kwa sababu imeyashika masizi yasijikusanye.

Kuna kipimo unachoweza kufanya gereji. Injini ikiwa moto, chovya kijiti cha kupimia na udondoshe tone moja kwenye karatasi ya kuchujia, iliyolazwa bila kugusa meza upande wa chini. Iache saa kadhaa. Doa likisambaa kijivu sawasawa kutoka katikati hadi pembeni, kitawanya masizi bado kina nguvu. Ukiona duara jeusi tii katikati lenye ukingo mkali, na pembeni oili safi tu, masizi yameachwa yakajikusanya: mwaga oili. Ukingo wa manjano kuzunguka doa huonyesha oili imeoza kwa joto.

Kipimo hiki hakionyeshi zinki wala uwezo wa kuua asidi. Kwa mtambo wa gharama kubwa peleka sampuli maabara, ichukuliwe injini ikiwa moto, kwenye chupa safi, na uandike saa za kazi. Sampuli moja husema machache. Mfululizo wa sampuli za mtambo mmoja ndio unaoonyesha mwelekeo.

Oili iliyotumika ina madhara gani?

Ina metali zilizolika, mabaki ya viongezi, na kemikali za mwako zinazoweza kuleta saratani ya ngozi kwa anayeigusa kila siku. Vaa glavu, osha mikono kwa sabuni na usinawe kwa petroli. Usiipake kwenye kidonda, usimwage barabarani kutuliza vumbi, na mbao za nyumba zitafutiwe dawa halisi ya mchwa.

Kwenye oili za kukatia vyuma, uliza kama kuna parafini zenye klorini. Zile za mnyororo mfupi ziliwekwa kwenye Mkataba wa Stockholm mwaka 2017 kwa sababu hazivunjiki upesi katika mazingira na hujikusanya kwenye miili ya viumbe. Muuzaji asiyeweza kukupa karatasi ya usalama ya bidhaa yake, nunua kwa mwingine. Oili iliyotumika iweke kwenye pipa lenye mfuniko, isichanganywe na maji, maji ya breki wala vimumunyisho, kisha ipelekwe kwa mkusanyaji mwenye kibali. Iliyochanganywa hivyo ni ngumu kusafishwa tena.